Pua Hutangulia Mkono: Upotevu wa Harufu katika Ugonjwa wa Parkinson na Wajibu wa Kiswahili, kwa Mfano wa Migori na Homa Bay

Utangulizi

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika ugonjwa wa Parkinson, mvua inayofahamika na wengi ni mkono unaotetemeka, mguu unaoburutwa na uso usioonyesha furaha wala huzuni. Mawingu ya mvua hiyo, hata hivyo, hukusanyika mapema zaidi, tena mahali ambapo ni wachache wanaopatazama, yaani puani. Kwa wagonjwa walio wengi, uwezo wa kunusa hupungua miaka kadhaa kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Jambo hili limethibitishwa na wataalamu wa tiba kwa zaidi ya miongo minne sasa, lakini halijapata nafasi katika mazungumzo ya kawaida kuhusu ugonjwa huu, hasa katika jamii za Afrika Mashariki.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, yanaeleza jinsi ugonjwa wa Parkinson unavyoathiri hisi ya kunusa. Pili, yanaonyesha uzito wa athari hiyo katika maisha ya watu wa kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ambako harufu ni sehemu ya riziki wala si pambo la maisha tu. Tatu, yanajadili namna Kiswahili kinavyoizungumzia harufu na kukosekana kwake. Hoja kuu ni kwamba dalili isiyo na jina la mazoea haisimuliwi, na isiyosimuliwa haifiki katika daftari la daktari. Kwa hiyo suala hili, ingawa ni la tiba, lina upande wake wa lugha, na upande huo unawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Ugonjwa na jina lake

Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyechapisha mwaka 1817 kijitabu kuhusu kile alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Katika kijitabu hicho alieleza habari za watu sita, baadhi yao aliowaona njiani tu. Maelezo yake yalikuwa makini kiasi kwamba baadaye, katika karne hiyohiyo, daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alipendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Hata hivyo, Parkinson alisema katika fasili yake kwamba hisi za mgonjwa na akili yake hubaki salama. Hapo ndipo maandishi ya mwanzo kabisa kuhusu ugonjwa huu yalipoipita pua bila kuitazama. Charcot naye alipinga jina la kupooza kwa kutetemeka, akieleza kwamba mgonjwa hajapooza kikamilifu, na kwamba wako wagonjwa wasiotetemeka hata kidogo.

Sayansi ya leo inaeleza kwamba chanzo cha matatizo ya mwendo ni kufa kwa chembe hai fulani zilizo ndani kabisa ya ubongo. Chembe hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili kwa ulaini. Dopamini inapopungua, mwendo huwa wa polepole, misuli hukakamaa, na mara nyingi mkono au mguu wa upande mmoja huanza kutetemeka ukiwa umetulia. Mwandiko huwa mdogo, sauti hufifia na hatua hufupika. Dalili hizi zinapoonekana, takribani nusu ya chembe zinazohusika, au zaidi, huwa zimekwisha kupotea. Maana yake ni kwamba mtu anayeambiwa leo kuwa ana ugonjwa wa Parkinson amekuwa nao kwa miaka mingi bila kujua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Wengi huupata baada ya umri wa miaka 60, ingawa wapo wanaoupata kabla ya kufika 50. Bondia Muhammad Ali, aliyetangazwa kuwa na maradhi hayo mwaka 1984 akiwa na umri wa miaka 42, aliwasha mwenge wa Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996 huku mkono wake ukitetemeka mbele ya macho ya ulimwengu. Tangu hapo, picha ya mkono unaotetemeka ndiyo iliyobaki katika fikra za wengi kila ugonjwa huu unapotajwa.

Katika Afrika Mashariki, utafiti unaofahamika sana kuhusu ugonjwa huu ulifanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu wapatao 161,000 na kuwapata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba wana ugonjwa wa Parkinson. Utafiti mwingine kutoka eneo hilohilo, uliochapishwa mwaka 2011, ulieleza jinsi wagonjwa na jamaa zao walivyouelewa ugonjwa wenyewe: waliuita kwa ile dalili iliyoonekana, yaani ugonjwa wa kutetemeka.

Jina hilo lina faida yake, kwa kuwa linaeleweka mara moja. Lakini jina pia ni mwongozo, na mwongozo huweza kupotosha. Anayeusikia ugonjwa ukiitwa wa kutetemeka atasubiri aone mtetemeko ndipo atafute msaada. Yule asiyetetemeka, bali anayetembea polepole na kuchelewa kufunga vifungo vya shati, ataambiwa kuwa amezeeka au amekuwa mvivu. Na yule ambaye bado mwili wake una nguvu, ila amepoteza uwezo wa kunusa, hataambiwa lolote kwa sababu hata yeye mwenyewe hana la kusema.

Jinsi pua inavyotangulia

Ili kuelewa kwa nini pua hutangulia, inafaa kueleza kwa ufupi njia inayopitiwa na harufu. Mtu anapovuta hewa, chembechembe za harufu hufika juu kabisa ndani ya pua, mahali penye mishipa ya fahamu ya kunusia. Mishipa hiyo ina vipokezi vya aina takribani 400, na kila harufu hugusa mchanganyiko wake wa vipokezi. Ugunduzi wa vipokezi hivi uliwapatia Linda Buck na Richard Axel wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kutoka hapo ujumbe huingia katika kituo kidogo cha harufu kilicho chini ya sehemu ya mbele ya ubongo, kisha huelekea sehemu zinazohusika na kumbukumbu na hisia za moyo. Ndiyo maana harufu ya moshi wa kuni au ya mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu huweza kumrudisha mtu utotoni kabla hajapata hata neno la kuielezea.

Katika ugonjwa wa Parkinson, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kujikusanya ndani ya chembe za ubongo. Madonge hayo yalielezwa kwa mara ya kwanza na Friedrich Lewy mwaka 1912, na mwaka 1997 ikajulikana kuwa yameundwa hasa na protini hiyo. Mwaka 2003, mtaalamu wa Ujerumani Heiko Braak na wenzake walipendekeza kwamba ugonjwa huenea katika ubongo kwa hatua sita. Kwa maoni yao, mahali palipo miongoni mwa pale unapoanzia ni kituo cha harufu, pamoja na sehemu ya chini ya ubongo inayohusiana na utumbo. Chembe za dopamini hufikiwa baadaye. Si kila mgonjwa anayefuata mpangilio huo, na wataalamu wanaendelea kuujadili, lakini unasaidia kueleza kwa nini kupotea kwa harufu, kufunga choo na kuhangaika usingizini kwa kupiga mateke na kelele huweza kutangulia mtetemeko kwa miaka.

Ushahidi wa kutangulia huko umetokana na tafiti za kuwafuatilia watu wazima wasio na ugonjwa kwa muda mrefu. Huko Hawaii, Marekani, wanaume 2,267 wenye asili ya Kijapani walipimwa uwezo wa kunusa, kisha wakafuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba 35 kati yao walipata ugonjwa wa Parkinson. Wale waliokuwa na alama za chini kabisa katika kipimo cha harufu walikuwa na uwezekano wa kuupata katika miaka minne iliyofuata uliokuwa takribani mara tano ya wale waliokuwa na alama za juu. Mwaka 2015, chama cha kimataifa cha wataalamu wa maradhi ya mwendo kilikiingiza kipengele cha kupotea kwa harufu katika vigezo vyake vinavyosaidia kuuthibitisha ugonjwa huu.

Ni muhimu hapa kutahadharisha. Takwimu za Hawaii zenyewe zinaonyesha kwamba wengi wa waliokuwa na pua dhaifu hawakuupata ugonjwa. Harufu hupungua kwa sababu ya uzee, mafua, uvimbe wa ndani ya pua, kuumia kichwani na moshi wa sigara. Katika janga la UVIKO-19 lililoanza mwaka 2020, mamilioni ya watu walipoteza harufu ghafla, na wengi wakaipata tena. Kupotea kwa harufu peke yake si hukumu. Ni wingu, na si kila wingu huleta mvua. Lakini linapokaa muda mrefu bila sababu inayojulikana, tena likaandamana na mwendo wa polepole, kufunga choo au usingizi wenye mateke, linastahili kutajwa kwa daktari.

Namna harufu inavyobadilika

Wagonjwa hawapotezi harufu kwa namna moja. Kuna anayebaki na sehemu ya uwezo wake: anajua kwamba kuna harufu, lakini hawezi kusema ni ya nini. Kuna anayezitambua harufu kali tu, huku zile nyepesi zikimpita. Kuna asiyenusa chochote. Wachache husikia harufu isiyokuwepo, kwa mfano harufu ya kitu kinachoungua ilhali jiko limezimwa. Kwa kawaida hasara hii huja taratibu na huzigusa pua zote mbili, tofauti na mtetemeko ambao huanza upande mmoja.

Kwa kuwa huja taratibu, mgonjwa mwenyewe mara nyingi haitambui. Tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1970 na 1980 zimeonyesha kwamba wagonjwa wengi walioshindwa katika kipimo cha harufu walikuwa wakiamini kuwa pua zao ni nzima. Mtu aliyepoteza macho hujua kuwa haoni, kwa kuwa giza lenyewe linamwambia. Aliyepoteza harufu haambiwi na yeyote. Hewa isiyo na harufu inafanana na hewa safi.

Jambo jingine ni kwamba dawa zinazotumika kwa ugonjwa huu, hasa levodopa ambayo hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo, husaidia mwendo lakini hazirudishi harufu. Hii inaonyesha kwamba kasoro ya pua haitokani na uhaba wa dopamini pekee. Pamoja na harufu hupotea sehemu kubwa ya ladha, kwani ulimi peke yake hutambua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ladha nzito ya mchuzi wa nyama tu. Mengine yote huongezwa na pua. Mgonjwa anaposema kwamba chakula hakina ladha, mpishi hulaumiwa, chumvi huongezwa, na wakati mwingine mgonjwa hula kidogo hata akapungua mwili.

Harufu na riziki kando ya ziwa

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, elimu ya pua ni elimu ya kazi. Katika fuo za Mbita, Sindo, Karungu na Muhuru Bay, na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, omena huanikwa juani juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huanza kuharibika, na mchuuzi mzoefu hulijua jambo hilo kwa pua kabla ya kulijua kwa macho. Mbuta na ngege hukaguliwa matamvua na macho yao, lakini anayenunua huwainamia na kuwanusa pia. Mbali kidogo na ziwa, huko Awendo, kiwanda cha sukari hutoa harufu nzito ya miwa iliyopikwa. Katika sehemu za Kuria na Uriri ambako tumbaku imelimwa kwa miaka mingi, majani yaliyokaushwa kwa moto yana harufu yake ambayo mkulima huitumia kupima kama yameiva.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanamke wa miaka 58 anayeuza omena katika soko mojawapo la Homa Bay. Kwa miaka 30 wateja wamemwamini kwa sababu hauzi samaki walioharibika. Kisha polepole malalamiko yanaanza. Gunia moja lina uvundo, naye hakulijua. Nyumbani, ugali umeungua naye yuko palepale jikoni. Maziwa yamechacha naye ameyatia katika chai ya wageni. Watu wa nyumbani wanasema mama siku hizi hajali. Majirani wanasema amesongwa na mawazo. Hakuna anayesema kwamba pua yake inaugua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia kwamba pua inaweza kuugua pasipo mafua. Miaka sita baadaye mkono wake wa kulia unaanza kutetemeka, na hapo ndipo safari ya kutafuta tiba inapoanza. Katika miaka hiyo sita amepoteza wateja, heshima ya jikoni na labda imani juu ya nafsi yake.

Zaidi ya heshima kuna hatari ya maisha. Gesi ya kupikia, ambayo sasa imeenea hata katika miji midogo, haina harufu kwa asili yake. Huongezwa kemikali yenye harufu kali ili anayeitumia ajue mapema kwamba inavuja. Kwa mtu asiyenusa, onyo hilo halipo. Vivyo hivyo kwa mafuta ya taa yaliyomwagika karibu na moto, kwa chakula kilichooza na kwa moshi wa kitu kinachoungua chumba cha pili.

Migori ina mfano mwingine unaohitaji kutenganishwa na huo. Katika maeneo ya machimbo kama Macalder, wachimbaji wadogo wamekuwa wakitumia zebaki kunasa dhahabu, kisha kuichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wa zebaki hauna harufu, na sumu yake huweza kumfanya mtu atetemeke. Kwa hiyo si kila anayetetemeka ana ugonjwa wa Parkinson, kama ambavyo si kila aliyepoteza harufu anao. Katika mfano wa kwanza harufu ipo lakini pua imeshindwa. Katika mfano huu pua ni nzima lakini hatari haina harufu. Daktari anayeambiwa tu kwamba mtu anatetemeka amepewa nusu ya habari. Anayeambiwa pia kazi ya mgonjwa na hali ya pua yake amepewa njia ya kuanza kupambanua.

Kiswahili na ulimwengu wa harufu

Kiswahili si lugha maskini katika uwanja huu. Mzizi wa kunusa umezaa msamiati wenye mantiki ya kupendeza. Kunusa ni kitendo cha mtu kuvuta hewa ili aipate harufu. Kunuka ni kutoa harufu mbaya, ilhali kunukia ni kutoa harufu nzuri. Kwa hiyo kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea kinatenganisha uvundo na marashi. Pwani, ambako samaki na manukato vimeishi pamoja kwa karne nyingi, lugha imehifadhi maneno kama shombo na vumba kwa harufu ya samaki, kikwapa kwa harufu ya jasho la kwapa, na orodha ndefu ya vinukio: udi, ubani, uturi, miski, asumini. Chakula nacho kina vitenzi vyake: kuchacha, kuvunda, kuoza, kuungua. Hata methali imeipa pua kazi, kwani samaki mmoja akioza, wote huoza.

Utajiri huo, hata hivyo, uko upande wa kitu kinachonuka au kunukia. Upande wa mtu anayenusa, lugha ina uchache. Asiyeona ni kipofu, asiyesikia ni kiziwi, asiyesema ni bubu, na aliyepoteza meno ni kibogoyo. Asiyenusa hana jina la mazoea. Pengo hili si la Kiswahili peke yake, na sababu yake inaeleweka: upofu huonekana na jirani, lakini pua isiyofanya kazi haionekani na yeyote.

Kuna tatizo la pili lililo gumu zaidi. Katika Kiswahili, harufu husikiwa. Mzungumzaji husema amesikia harufu ya moshi, kama asemavyo amesikia sauti, amesikia baridi au amesikia maumivu. Kitenzi kusikia kimebeba hisi nyingi kwa pamoja. Mzee akimwambia mhudumu wa zahanati kwamba siku hizi hasikii vizuri, mhudumu atatazama masikio yake. Mhudumu naye akiuliza kwa ujumla kama mzee anasikia vizuri, atajibiwa kuhusu masikio. Pua inapita katikati ya swali na jibu bila kuguswa. Katika maeneo ya Migori na Homa Bay, ambako wengi huzungumza Dholuo au Kikuria nyumbani na Kiswahili hospitalini, uwezekano wa kupotea kwa maana katika mazungumzo hayo unaongezeka.

Tangazo za redio za wakati wa UVIKO-19 zilionyesha kwamba pengo hili linaweza kuzibwa. Kirai cha kupoteza uwezo wa kunusa na kuonja kilirudiwa hadi kikaeleweka na kila msikilizaji. Hakuna haja ya kuunda nomino mpya ya kumbandika mgonjwa, hasa wakati huu ambapo wengi wanaepuka majina yanayomfanya mtu na ulemavu wake kuwa kitu kimoja. Lililo muhimu ni kulitaja tatizo lenyewe. Istilahi kama upotevu wa harufu kwa matumizi ya kawaida, na upungufu wa unusaji kwa maandishi ya kitaalamu, zinafuata kanuni za uundaji wa maneno na hazimdhalilishi mtu.

Kipimo cha harufu na tatizo la utamaduni

Suala la lugha linajitokeza tena katika vipimo. Kipimo mashuhuri kilichoundwa na Richard Doty wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1980 kina harufu 40. Mtu hukwaruza karatasi, hunusa, kisha huchagua jina moja kati ya manne. Miongoni mwa harufu hizo zimo za vyakula na vinywaji vya Kimarekani, kama vile mkate wa maboga wa sikukuu zao. Mkazi wa Rusinga asiyewahi kukutana na chakula hicho atakosea swali ilhali pua yake ni nzima. Kipimo kitakuwa kimepima ugeni wake, si ugonjwa wake.

Ndiyo maana nchi kadhaa zimevirekebisha vipimo hivyo kwa kuingiza harufu za kwao. Kipimo kinachofaa Ziwa Victoria kingetumia harufu zinazojulikana na kila mtu: omena mkavu, kitunguu, chungwa, ndizi mbivu, tangawizi, karafuu, mafuta ya taa, sabuni ya kufulia. Kazi ya kuchagua harufu ingekuwa ya wataalamu wa tiba, lakini kazi ya kuchagua majina na kuyaandika maswali ingemhitaji mjuzi wa lugha. Kutambua harufu kwa kuchagua jina si kazi ya pua pekee. Ni kazi ya pua na msamiati kwa pamoja. Jina likiwa geni, alama hupungua bila kosa la mgonjwa.

Kisa cha Uskoti kinaonyesha upande mwingine wa uhusiano huu wa harufu na maneno. Joy Milne, muuguzi mstaafu, aliona kwamba harufu ya mumewe ilibadilika miaka takribani 12 kabla ya mumewe kutambuliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Aliifananisha na miski. Baadaye, alipokutana na wagonjwa wengine, akagundua kwamba walikuwa na harufu hiyohiyo. Tilo Kunath wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alimpa anuse fulana 12, sita za wagonjwa na sita za watu wazima wa afya. Milne aliwatambua wagonjwa wote sita, akasema na mtu wa saba miongoni mwa wale wa afya anao ugonjwa. Ilidhaniwa amekosea. Miezi minane baadaye mtu huyo aliambiwa na madaktari kwamba anao. Mwaka 2019, Perdita Barran wa Chuo Kikuu cha Manchester na wenzake walichapisha orodha ya kemikali za mafuta ya ngozi zinazohusiana na harufu hiyo. Pua ya Milne si ya kawaida, lakini funzo lake ni la kawaida: ushahidi ulianza kuchunguzwa pale tu mtu alipothubutu kuitaja harufu aliyoisikia.

La kufanya

Madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini Kenya ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Kwa mkazi wa Nyatike au Suba, mtu wa kwanza wa afya anayemfikia ni mhudumu wa jamii anayetembea nyumba kwa nyumba. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote. Swali moja lililoandikwa kwa Kiswahili fasaha lingeweza kuongezwa katika mazungumzo yao na wazee bila gharama yoyote: “Mama, ukiwa jikoni siku hizi, unaijua harufu ya chakula kinachoungua kabla hujauona moshi?” Swali hilo haliitaji pua, halitumii kitenzi kusikia, na linaweza kujibiwa kwa mfano wa jana au juzi. Aidha, liulizwe mbele ya mtu wa nyumbani, kwa kuwa yeye mara nyingi ameona asichokiona mgonjwa.

Watu wa nyumbani nao wana la kufanya. Mtungi wa gesi uwekwe mahali penye hewa na kufungwa kila baada ya kupika. Maziwa na mboga viwekewe siku ya mwisho ya kutumiwa, na mwenye pua nzima aombwe kuvikagua. Chakula kiongezwe limau, tangawizi au pilipili badala ya chumvi nyingi. Mtu anayepungua uzito apelekwe hospitalini. Inafaa pia kuonya kuhusu upupu. Ni kweli kwamba mbegu za mmea huo zina levodopa, na watafiti wamezichunguza kama njia nafuu ya tiba. Lakini kiasi cha dawa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na mgonjwa anayejipimia mwenyewe huweza kudhurika. Shauri la daktari litangulie.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upotevu wa harufu ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, kwamba mgonjwa mara nyingi haitambui, na kwamba katika fuo, mashamba na majiko ya Migori na Homa Bay hasara hiyo inagusa riziki, heshima na usalama. Dalili hii haina tiba inayoirudisha harufu, lakini kuijua mapema humpa mgonjwa miaka ya kujiandaa, humwondolea lawama ya uzembe na humpa daktari habari anayoihitaji.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuwasaidia watu hawa. Kilichokosekana ni mazoea ya kuyatumia kwa mtu anayenusa, si kwa kitu kinachonuka tu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti wa istilahi, tafsiri za kitabibu au mawasiliano ya hospitalini ana shamba ambalo bado halijalimwa. Asemaye kwamba lugha haiponyi amesema kweli. Lakini tiba huanza kwa mgonjwa kueleza, na hakuna maelezo pasipo lugha.